Maji ya betri, mkombozi wa santuri zangu

Hapa Arusha, ukiacha vumbi, adui mkubwa wa santuri ni maji ya bomba. Maji yetu yana madini mengi, ikiwemo ile floridi iliyotupaka wengi wetu meno rangi ya kahawia. Ukisuuza santuri kwa maji hayo ikakauka, chumvi zinabaki ndani ya mifereji, na sindano ikipita hapo ni kelele tu.

Baba mkubwa wa Tengeru alinipa boksi la santuri zake, nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, muziki wa dansi uliochapwa Nairobi. Zilikaa miaka darini, juu ya jiko la kuni. Masizi, vumbi, ukungu, vyote vimo. Mashine ya kuoshea santuri nilishaangalia bei yake, nikafunga simu.

Nikaenda duka la spea kununua maji ya betri. Yale ni maji yaliyoondolewa madini. Muuzaji akaniuliza ni ya gari gani, nikamwambia ni ya muziki, akanitazama tu. Ila kuwa makini: mwambie wazi unataka maji, siyo asidi, maana vyote huuzwa hapo hapo.

Soko la Kilombero, hapa hapa Arusha, kwenye mitumba nikaokota brashi ya mekapu yenye nywele laini. Dada yangu hajaacha kunitania: "Kaka, na wanja je?"

Santuri naipangusa kwanza ikiwa kavu, vumbi likiloa linakuwa tope. Kisha nailaza juu ya taulo, nafunika lebo kwa mfuniko wa kopo la majarini na kuukandamiza kwa kiganja. Maji ya betri kwenye bakuli, tone moja la sabuni ya vyombo, basi. Brashi inafuata mifereji, inazunguka nayo, haikatizi. Penye ukungu naacha maji yakae kidogo ndipo nirudie. Mara ya kwanza maji yalitoka meusi kama chai ya rangi, nikajua hapo baba mkubwa alikuwa akisikiliza moshi.

Suuza ni maji ya betri matupu, mara mbili, kisha kitambaa laini cha kufutia gari (kipya!). Nazisimamisha kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Jua la saa saba linapinda santuri upesi sana.

Kuna wanaopaka gundi ya mbao na kuibandua ikikauka. Sijavutiwa, gundi nyingi, na ikichanika katikati utajuta.

Mikwaruzo haitoki, hiyo ni kidonda cha kudumu. Lakini gitaa la solo sasa linasikika, na hata besi.

Zimebaki zile nzito za mizunguko 78. Hizo zimetengenezwa kwa laki (shellac, aina ya utomvu mgumu), spiriti inaziyeyusha, na hazipendi kulowekwa. Nitazipitishia kitambaa chenye unyevu kidogo na kuzikausha hapo hapo.