Betri Zangu Zimekufa kwa Kiu

Alfajiri ya leo, huku jangwani Arizona, niliamka nikakuta taa za gari-nyumba letu zimefifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta, na mita ikasoma volti 11.4, ilhali betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.7.

Betri hizi za madini ya risasi na asidi, ambazo huendesha taa, feni na pampu ya maji wala si injini, nilizinunua miaka 3 iliyopita nikitarajia zifike 5.

Nilipofungua vifuniko, niliona bamba zimejitokeza juu ya maji, kingo zake zikiwa na utando mweupe wa salfeti (chumvi ya risasi).

Nilisimama pale na kurunzi mkononi, nikikumbuka kwamba tangu kiangazi kianze sikuzichungulia hata mara moja.

Joto hukausha maji ya betri upesi, na betri ikikaa wiki kadhaa bila chaji, salfeti hiyo huganda kabisa. Ilinipasa kukagua maji kila mwezi na kuongeza yale yaliyotonezwa (distilled), kutozitumia chini ya nusu ya chaji, na kuziacha zimejaa chaji kila tunapoegesha kwa muda mrefu. (Mke wangu alinikumbusha mwezi Juni, naomba asilione chapisho hili.)

Za lithiamu huweza kudumu miaka 10 na hazihitaji maji, ila bei yake inanitoa jasho, nazo hazifai kuchajiwa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Ndugu mnaoishi safarini, zenu ni za aina gani, na zimedumu miaka mingapi?