Siku ya Kutajwa, Kisutu

Ilikuwa Mei 2012. Nje ya Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wengine wamebeba watoto mgongoni. Mama alinishika mkono akaniuliza, "Hawa wote wana ndugu zao humu?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshawaona wapiga picha wakigombea nafasi, nikajua kesi ya mdogo wangu imegongana na ya Lulu.

Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu, alifariki usiku wa kuamkia Aprili 7 mwaka huo, nyumbani kwake Sinza. Siku ya kumuaga pale Leaders Club, Dar ilisimama. Elizabeth Michael, msichana ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lulu tangu akiigiza utotoni, akashtakiwa kwa mauaji yake. Mdogo wangu naye alikuwa na shtaka hilohilo, kifungu kilekile cha 196 cha Kanuni ya Adhabu.

Yeye alikuwa dereva wa bodaboda. Mtu mmoja alipigwa hadi kufa karibu na kijiwe chao akituhumiwa wizi. Gari la polisi lilipofika, waliompiga walikuwa wameshatawanyika, wakabebwa waliobaki, yaani wale walioona hawana sababu ya kukimbia. Alikuwa na miaka 19. Hati ya mashtaka iliandika 24, na hakuna aliyetuuliza cheti cha kuzaliwa. Kwa Lulu, mawakili walisimama kueleza kwamba ana miaka 17, kwa hiyo ashughulikiwe kama mtoto, na suala la umri wake likafika hadi Mahakama Kuu. Sisemi walikosea. Walifanya kazi ambayo kila mshtakiwa wa umri ule anastahili kufanyiwa. Kinachoniuma ni kwamba sisi hatukuwa hata na mtu wa kusema, "Mheshimiwa, umri huu si wake." Wakili wa kupewa na serikali ungemwona kesi ikifika Mahakama Kuu, na yetu ilikuwa bado mbali na huko.

Mama alikuwa amekaanga maandazi tangu saa kumi alfajiri. Aliyafunga kwenye gazeti la juzi yake, na mafuta yakapenya ukurasa wa kwanza, juu ya uso wa Lulu. Sidhani mama aliliangalia gazeti lenyewe. Tulipomfikia askari magereza aliyekuwa zamu, alituambia chakula hakiruhusiwi. Mama akasema, "Afande, mwanangu, hata moja tu." Yule afande akatazama kushoto na kulia, akalifungua lile furushi na kuanza kuyapasua maandazi moja baada ya jingine kwa vidole, akichungulia ndani. Yote kumi. Kisha akayafunga tena vilevile. Niliona mikono yake inang'aa mafuta, na sikujua nimshukuru au nilie.

Kwenye benchi tulikaa na mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya mumewe, na mzee mwenye kofia ya mkono. Nje kelele zilipanda ghafla. Kijana mmoja dirishani akasema kwa sauti, "Anyongwe tu!" Hapo hakuna shahidi hata mmoja aliyekuwa amesimama kizimbani. Yule mama akatikisa kichwa. "Binti mdogo vile. Lakini hao wana bahati, wana mawakili."

Mzee akamgeukia. "Na Babu Seya je, mama? Tumecheza nyimbo zake nchi nzima, yuko ndani kifungo cha maisha tangu 2004, yeye na mwanawe Papii. Umaarufu umemsaidia nini?"

"Wale watoto aliofungwa kwa kuwabaka nao walikuwa wa watu," yule mama akajibu, na mzee akanyamaza.

Yalikuwa maneno machache tu, lakini nimeyabeba miaka yote hii. Kila mtu pale benchini alikuwa na haki katika alilolisema, na mimi nilikuwa namfikiria mmoja tu.

Kesi yetu iliitwa. Mdogo wangu aliingia na wenzake watano, amekonda shingo, shati limemzidi. Mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika. Hakimu akasema kesi itatajwa tena baada ya siku 14. Nadhani ilichukua dakika mbili. Hakimu hakuwa na la kufanya, maana kesi ya mauaji haisikilizwi pale, inatajwa tu hadi iende juu, na dhamana haina. Ya Lulu nayo iliahirishwa, kwa sheria ileile. Wote wawili walirudi gereza la Segerea.

Tofauti niliyoiona ni macho ya watu. Mabaya na mazuri, yote yalikuwa kwa Lulu. Yalimhukumu kabla ya mahakama, na hilo ni dhuluma ambayo mdogo wangu hakuipata. Lakini kwa macho yale nani angethubutu kupoteza jalada lake? La mdogo wangu tuliambiwa mara mbili kwamba halijaletwa, na mpelelezi aliyekuwa nalo alikuwa hapokei simu zetu.

Januari 2013 Lulu alipata dhamana, baada ya shtaka lake kubadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Tulisikia redioni. Mama akaniuliza, "Kwani la kwetu haliwezi kubadilishwa?" Sikujua tumuulize nani.

Mdogo wangu alitoka 2015. Upande wa mashtaka ulisema hauna nia ya kuendelea na shauri, basi. Novemba 13, 2017 Lulu alihukumiwa miaka 2. Wengine wakasema kaonewa, wengine kapendelewa, na Mei 2018 alipotolewa amalizie kifungo nje, mabishano yakaanza upya. Katikati hapo, Desemba 9, 2017, Babu Seya na mwanawe walipewa msamaha wa Rais, na watu wakashangilia mitaani. Nilimkumbuka yule mzee. Halafu nikamkumbuka yule mama, na sikuweza kushangilia.

Kesho yake baada ya siku ile ya Kisutu, mama alinunua gazeti, jambo ambalo hakuwa nalo kabisa. Picha kubwa ilikuwa ya umati. Nyuma kabisa, kwenye kona, ilionekana karandinga, na mkono wa mtu umeshika wavu wa dirisha. Mama akaniambia, "Huyu ni mwanangu, naujua mkono wake." Akaikata kona ile kwa mkasi wa kushonea, akaiweka ndani ya Msahafu.

Mdogo wangu alipotoka aliikuta. Aliishika karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu, kisha akaniita uani.

"Dada, siku ile mimi nilikaa upande wa pili. Huu mkono sijui ni wa nani."

Akaenda kuirudisha palepale alipoitoa. Mama hakuambiwa.