Eliza wa Madras: kusoma mapenzi ya wanawake wa kale ukiwa ugenini

Mwanamke wa kwetu anayependa wanawake akifika Uingereza hukuta maktaba za mtaa zina riwaya nyingi za kihistoria kuhusu wanawake wenzake. Nyingi humhusu mwanamke mzungu mwenye jumba na watumishi. Anayetaka kuzisoma akilinganisha na maisha yake mwenyewe aanze na Eliza Raine.

Eliza alizaliwa Madras, India, kwa mama Mhindi na baba Mwingereza, daktari wa upasuaji. Aliletwa Yorkshire akiwa mtoto. Mwaka 1805, katika shule ya bweni mjini York, alilala chumba kimoja cha darini na Anne Lister, aliyekuja kujulikana kwa shajara zake, wakapendana. Emma Donoghue ameandika riwaya juu yao, Learned by Heart, iliyotoka 2023.

Eliza alikuwa na urithi wa pauni 4,000, fedha nyingi mno wakati huo. Lakini baba alikwishafariki, mambo yake yalikuwa mikononi mwa mlezi, na rangi yake ilimtangulia kila mlango alioubisha. Mwaka 1814 aliwekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na hadi kifo chake mwaka 1860 hakurudi tena kujitegemea. Anne hakuwa na fedha kama hizo shuleni, ila alikuwa na ami, ndugu wa baba yake, mwenye ardhi huko Halifax, na baadaye akairithi. Mmoja alikuwa na fedha bila ukoo, mwingine alikuwa na ukoo uliompa ardhi. Yeyote aliyewahi kuishi ugenini anajua uzito wa tofauti hiyo.

Kwa hiyo soma ukiwa na daftari, na kila sura ijibu maswali matatu: nani analipia nyumba, nani ana ufunguo wa chumba, na barua zinapita mikononi mwa nani. Ukurasa wa pili andika ya kwako: mkataba wa nyumba una jina la nani, viza yako imefungwa kwa mwajiri gani, nani nyumbani anasubiri fedha kila mwezi, na nani hushika simu yako. Ukianzia kwenye hisia, kila kitabu kitakufanana, maana kupenda ni kupenda. Ukianzia kwenye kodi na ufunguo, utaona mahali maisha yenu yanapokutana kweli na mahali yanapoachana.

Wasomaji wengi wa kwetu hukosea kwenye sheria. Wanasoma wakidhani mhusika anaogopa polisi, kumbe sheria ya Uingereza haikuwahi kufanya mapenzi ya wanawake kuwa kosa la jinai. Kifungu cha 1885 kiliwalenga wanaume. Mwaka 1921 wabunge walijaribu kuwaongeza wanawake, baraza la juu likakataa, baadhi wakihofia kwamba kulitaja jambo ni kulitangaza. Hofu ya mhusika ni baba, mlezi, urithi, ndoa ya kulazimishwa. Kwetu mambo yalikwenda kinyume: vifungu vya Kenya na Tanzania bara vina mizizi katika sheria ya mkoloni, na Zanzibar mwaka 2004 iliongeza kifungu kinachowataja wanawake waziwazi. Ukipachika hofu yako ya nyumbani juu ya msichana wa York, utasoma vibaya ukimya wake.

Majina nayo yanateleza. Katika vitabu hivi wanawake huitana rafiki, na msomaji hubaki akijiuliza rafiki wa namna gani. Mswahili wa pwani ana faida hapa. Anajua mwanamke humwita mwenzake "shoga yangu" bila mapenzi yoyote ndani yake, na neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume huwa tusi. Basi mpe "rafiki" wa kizungu uangalifu uleule: tazama anayeitwa, tazama wanaosikiliza. Neno "msagaji" liache nje ya daftari lako, limebeba dharau kuliko maana. Hata Waingereza hubishana. Kibao kilichowekwa York mwaka 2018, kwenye kanisa ambako Anne alishiriki meza ya Bwana na Ann Walker, mpenzi wake wa baadaye, siku ya Pasaka 1834 na kuihesabu kuwa ndoa yao, hakikutumia neno "lesbian", yaani mwanamke apendaye wanawake. Watu walilalamika, na mwaka 2019 kikabadilishwa.

Maelezo ya mwandishi mwishoni mwa riwaya yasome kwanza. Riwaya ya Donoghue ina barua za mwaka 1815. Usizichukulie kama nyaraka kabla hujajua kipi kimetungwa. Anayetaka ushahidi anao: shajara za Anne zina maneno yapata milioni tano, karibu sehemu moja ya sita kwa maandishi ya siri, na picha za kurasa zake zimewekwa kwenye intaneti na hifadhi ya nyaraka ya West Yorkshire.

Kama unaishi na jamaa, azima kitabu cha karatasi kwa kadi yako mwenyewe, na maktaba ikutumie taarifa kwenye barua pepe usiyochangia na mtu, kwa sababu taarifa hizo hutaja jina la kitabu. Akaunti ya vitabu ya familia nzima huonyesha jalada kwenye simu ya kila mmoja.

Na daftari? Wengine huiga siri ya Anne, ambayo Eliza naye aliitumia, lakini kwa irabu tu: a ni 2, e ni 3, i ni 4, o ni 5, u ni 6. Kwa Kiswahili irabu pekee hazitoshi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, hivyo m2p3nz4 husomwa na mtoto wa shule mara moja. Badilisha konsonanti pia, kama Anne alivyofanya, na usiache nafasi kati ya maneno. Anne naye hakuacha.