Celica 200 na vumbi la Safari: kumbukumbu ya mradi wangu

Januari

Mradi wangu wa mwaka huu ni wa gari moja tu: Toyota Celica Twincam Turbo, ile yenye alama TA64. Za kuuzwa kwa raia ziliundwa 200. Sheria za Kundi B katika mbio za magari za dunia zilitaka kampuni iunde magari 200 yanayofanana ndani ya miezi 12, ndipo iruhusiwe kuleta toleo la mashindano. Kundi A lilitaka 5,000. Toyota hawakuwa na haja ya kujaza maduka. Walitaka ruhusa, na magari 200 ndiyo yaliyokuwa kiingilio.

Nimeichagua hii kwa sababu ya rekodi yake. Ilishinda mashindano sita ya ubingwa wa dunia, na yote sita yalikuwa Afrika: Safari Rally 1984, 1985 na 1986, pamoja na Cote d'Ivoire 1983, 1985 na 1986. Katika ubingwa huo, Ulaya haikushinda hata mara moja. Mashabiki waliipa jina la Mfalme wa Afrika, na jina hilo halina chumvi ndani yake. Lakini ukitaka kusoma habari zake leo, utasoma zilizoandikwa Ulaya na Japani, ambamo Kenya ni mandhari tu ya nyuma: twiga, tope, watoto wanaopunga mikono. Nataka kuunda faili linaloanzia huku: magazeti yetu, picha zilizo majumbani kwetu, na mafundi waliokuwepo.

Haraka ninayo. Ove Andersson, Mswidi aliyeiongoza timu ya Toyota Team Europe kutoka Köln, alifariki 2008. Björn Waldegård, aliyeiendesha Celica hiyo hadi ushindi wa Safari wa 1984 na 1986, alifariki 2014. Vijana waliokuwa wakibadilisha magurudumu kando ya barabara wakati huo sasa ni wazee.

Februari

Mwezi huu wote nimekuwa nikishughulika na cc 21.

Mwaka 1982 Toyota walitoa Japani Celica GT-T ya kawaida, yenye injini ya 3T-GTEU: silinda nne, kamshafti mbili juu, turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), cc 1,770. Zile 200 zilipewa injini nyingine, 4T-GTEU, ya cc 1,791. Tofauti yenyewe ni upana wa silinda: milimita 85 dhidi ya 85.5. Kampuni nzima ilihangaikia nusu milimita. Kwa nini?

Jibu limo katika kanuni. Gari la turbo lilihesabiwa kwa kuzidisha ujazo wa injini yake mara 1.4, kisha likawekwa kwenye daraja lake. Chukua 1,770 uzidishe kwa 1.4, unapata 2,478, yaani daraja la chini ya 2,500. Chukua 1,791, unapata 2,507. Umeshavuka. Sasa uko daraja la hadi 3,000, ambako uzito wa chini unaoruhusiwa unapanda lakini unapewa pia matairi mapana zaidi, na una nafasi ya kuikuza injini. Ndivyo walivyofanya. Kanuni ziliruhusu toleo la nyongeza la magari 20, na injini ya mashindano ikafika cc 2,090, silinda za milimita 89 na mwendo wa pistoni milimita 84. Zidisha kwa 1.4: 2,926. Imekaa ndani ya 3,000 bila kugusa ukuta.

Nimekaa na hesabu hii muda mrefu kwa sababu inaonyesha kwamba zile 200 hazikuwa toleo la mapambo kama yanayouzwa siku hizi, rangi maalumu na kibati chenye namba kwenye dashibodi. Ile nusu milimita iliwekwa ili gari lingine, ambalo raia hataliendesha kamwe, liweze kuwa la cc 2,090. Hata ekseli ya nyuma ni ushahidi wa hilo. Zile 200 zilipewa ekseli moja ngumu, inayounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma, kitu ambacho mnunuzi wa gari la kifahari angekiona kama kurudi nyuma. Fundi wa Safari angekiona kama usingizi mwema.

Machi

Kirinyaga Road, Nairobi, kwa mzee mmoja anayeuza vipuri vya Toyota vya zamani. Duka lake ni jembamba, mtu mmoja akiingia mwingine hutoka. Nilimweleza ninachotafuta. Hakusema kitu, akapanda kwenye kiti, akateremsha silinda hedi iliyofungwa kwa gunia.

"Hesabu tundu za plagi, kijana."

Nikapitisha kidole. Kwenye kila silinda, tundu mbili.

"Nane, Mzee."

"Silinda ngapi?"

"Nne."

"Basi. Corona ya baba yako ilikuwa na plagi nne. Hii ni nane."

Ilikuwa hedi ya 3T-GTEU, iliyokuja na injini kuukuu za kutoka Japani. Alumini imefanya ukungu wa kijivu, na kwenye tundu moja nyuzi zimeliwa. Plagi mbili kwa kila silinda zilisaidia mchanganyiko wa petroli na hewa kuungua haraka na sawasawa zaidi. Huo ni ufundi mzuri, lakini kilichonigusa zaidi ni alichosema Mzee baadaye, huku akiirudisha hedi ndani ya gunia. Bloki ya chini, alisema, ni ya familia ya T, chuma kizito, damu moja na injini za Corona na Carina ambazo nusu ya teksi za nchi hii zilitembelea. Fundi yeyote wa wakati ule angeijua ukimfunga macho.

Ninaamini hapo ndipo siri ya gari hili ilipo, na nalisema kwa sauti kwa sababu vitabu vingi vinalipita haraka. Wapinzani walikuwa na mashine za kutisha. Audi walikuwa na Quattro, Peugeot walikuwa na 205 Turbo 16, zote zikiendeshwa na magurudumu manne. Celica ilisukumwa na mawili ya nyuma, na turbo yake ilichelewa kuamka, ugonjwa mbaya kwenye vichochoro vya Ulaya. Lakini Safari ya miaka ile haikuwa kama ya leo. Ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000 wakati wa Pasaka, kwenye barabara zilizo wazi kwa kila mtu: lori la ng'ombe, matatu, punda. Hakuna aliyekufungia njia. Dakika zako za kuchelewa zilijumlishwa, na mwenye chache ndiye mshindi. Kwenye nyanda ndefu turbo ina muda wote duniani wa kuamka. Na kinachovunjika lazima kibadilishwe haraka kando ya njia, usiku, kwenye tope. Gari lenye injini mbele, ekseli ngumu nyuma na shafti moja katikati linatengenezeka. Andersson aliyajua haya kwa mikono yake: yeye mwenyewe alishinda Safari ya 1975 akiendesha Peugeot 504.

Audi walikuja kushinda Safari 1987, Kundi B likiwa limeshafutwa, kwa Audi 200. Peugeot 205 Turbo 16 haikushinda Safari kamwe.

Aprili

Magazeti ya zamani, maktaba ya McMillan. Napitia kurasa za michezo za wiki ya Pasaka, mwaka baada ya mwaka, vidole vikigeuka rangi ya kahawia.

Matokeo yenyewe yanajulikana: 1984 Waldegård na Hans Thorszelius, 1985 Juha Kankkunen, Mfini wa miaka 26, na Fred Gallagher, Waldegård akiwa wa pili, 1986 Waldegård tena, safari hii na Gallagher, na Lars-Erik Torph wa pili, bado ni Celica. Kankkunen alikuwa hajawahi kushiriki Safari, na ushindi ule ulikuwa wake wa kwanza katika ubingwa wa dunia. Tena alimshinda Waldegård, ambaye alikuwa ameshashinda hapa tangu 1977 na Ford Escort. Kwa kijana mgeni hilo ni jambo zito, na naliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari langu.

Ninachotafuta mimi ni gari lenyewe. Na hapa kuna ugumu ambao kila mwenye kufuatilia magari ya mbio huukuta. Namba ya chasisi haitoshi. Timu kubwa hubadilisha bodi iliyopinda, ikahamisha sahani za usajili kutoka gari moja hadi jingine, ikatumia gari la mazoezi kama akiba. Herufi K mwanzoni mwa namba inakwambia gari lilisajiliwa Köln, haikwambii ni chuma kipi kilichopita Taita. Kwa hiyo faili langu nalipanga kwa picha. Kila picha naiandikia kinachoonekana: taa zimefungwa vipi kwenye ngao ya mbele, bango lipi liko mlangoni, mbonyeo gani umeingia kwenye bati. Mbonyeo hauwezi kuhamishwa na karani.

Mei

Mzee wa Kirinyaga Road alinielekeza Nakuru, kwa mama mmoja ambaye marehemu mumewe aliacha Celica kwenye banda. Jirani wote husema ni "ile ya Safari."

Mama alinikaribisha chai kwanza. Kisha tukaenda bandani. Gari limefunikwa kwa turubai, matairi yamelala, lakini bati la milango ni zima. Ni umbo la 1981, lile ambalo taa zake zikilala kioo hubaki kikitazama mbinguni. Lilibadilishwa 1983 na taa zikafichwa kabisa. Kufikia hapo moyo ulikuwa unapiga.

"Mama, naomba kufungua boneti."

"Fungua, mwanangu. Tangu aondoke haijafunguliwa."

Kibati cha modeli kipo ukutani nyuma ya injini, kimepakwa vumbi na mafuta. Nilikisugua kwa kitambaa chenye petroli kidogo, polepole, herufi zikaanza kutoka. Herufi ya kwanza ya alama za Toyota ni familia ya injini, ya pili ni ukoo wa gari. A ni Celica na ndugu zake. Tulitaka T mbele yake. Ilitoka R.

Nikamweleza Mama wazi: hii ni Celica ya injini ya R, ya kawaida, haikuwa kati ya zile 200 na haina turbo. Akatikisa kichwa.

"Na yeye alikuwa anajua," akasema. "Ni watu waliosema ya Safari. Yeye aliinunua kwa sababu ya zile alizoziona."

Akaingia ndani akarudi na bahasha ya picha. Mumewe alikuwa akitoka alfajiri kila Pasaka, na kamera, kwenda kusimama kando ya barabara.

Picha mbili nimeruhusiwa kuzinakili. Nyuma ya zote kumeandikwa kwa kalamu: Pasaka 1985. Ya kwanza inaonyesha Celica ikiingia kona ya udongo kwa ubavu, mabawa yake yale mapana ya pembe pembe yamejaa tope, na mvulana wa sweta ya shule kaziba masikio kwa vidole. Kwenye ubavu jina la dereva limefunikwa, zimebaki herufi tatu za mwisho: NEN. Wafini wengi huishia hivyo, Salonen, Vatanen, Aaltonen. Lakini Salonen na Vatanen mwaka huo walikuwa Peugeot, na Aaltonen alikuwa Opel. Kwenye Celica, mwenye NEN ni Kankkunen.

Ya pili gari limesimama, boneti juu, mafundi wawili wameinama, wa tatu amelala chini ya ekseli ya nyuma hadi kiunoni. Mkononi mwa mmoja wao kuna spana, na mkono wenyewe ni wa Mwafrika. Kwenye picha za magazeti niliyopitia, mikono hiyo hukatwa na ukingo wa fremu.

Juni

Faili la Safari sasa lina mpangilio ninaoutaka: mwaka, sehemu, kinachoonekana kwenye bati, nani aliyepiga, na majina ya mafundi kila yanapopatikana. Lile la 1986 ni la mwisho na lina uzito wake. Mbio zilianza Jumamosi 29 Machi na kumalizika 2 Aprili. Mwezi mmoja baadaye, 2 Mei, Henri Toivonen na Sergio Cresto walikufa Corsica ndani ya Lancia Delta S4, na Kundi B likafutwa kuanzia 1987. Celica hii ilimaliza enzi zake za Kenya ikiwa bingwa, ya kwanza na ya pili.

Picha za Mama nimezirudisha, pamoja na nakala kubwa ya ile ya mafundi aliyoiomba aitundike. Mzee naye ameiona. Aliishika karibu na macho, akasema aliyelala chini ya ekseli anamfahamu kwa viatu, na kwamba yuko hai, Thika. Nimepewa namba ya mwanawe.

Baada ya Thika nafungua faili la Cote d'Ivoire, nikianza na 1983, Waldegård na Thorszelius, ushindi wa kwanza wa gari hili kwenye ardhi ya Afrika. Magazeti ya Abidjan ni ya Kifaransa, na binamu yangu aliyesoma Kinshasa ameshakubali kunisomea.