Sisimizi aliyefungua mgongo

Picha yake ya kwanza niliifuta mwenyewe. Niliona sisimizi tu juu ya ua la karoti pori, na simu ilikuwa imejaa.

Naishi nje kidogo ya Columbus, Ohio, na nafanya kazi ya usiku. Asubuhi, kabla ya kulala, hupita njia ya kando ya mto na lensi ndogo ya kubana kwenye simu, nikipiga picha wadudu. Mwishoni mwa Juni karoti pori huwa zinaanza kuchanua, meupe, bapa kama sahani.

Kesho yake nikapuliza ua moja ili sisimizi wasogee. Wote wakang'ang'ania. Mmoja akapasua mgongo, akatoa mbawa, akaondoka zake! Sisimizi wenye mbawa wapo, sawa, lakini mbawa zao unaziona mgongoni hata wakitembea. Huyu alizitoa chini ya magamba, na hiyo ni kazi ya mbawakawa.

Nikaazima mwavuli mweupe wa binti yangu, nikaugeuza juu chini chini ya maua na kuyagonga kwa kijiti. Walidondoka buibui, sisimizi wa kweli, takataka. Siku tatu nilirudi mikono mitupu, kwa sababu nilikuwa natafuta rangi, na rangi zao ni zilezile. Nilipoanza kutazama vipapasio ndipo mambo yakanyooka: cha sisimizi kimekunjika kama kiwiko, cha mbawakawa kimenyooka kama uzi. Siku ya nne nilimnasa mmoja kwa ncha ya brashi niliyoilowesha mate, nikamtia kwenye kikopo cha vitamini na kumweka kwenye friji dakika chache atulie.

"Baba Neema, hiki kidudu kwenye friji ni cha nini?"

"Kinapoa tu, mama. Usikifungue."

Alikifungua. Bahati nzuri baridi ilikuwa imeshamlegeza.

Chini ya lensi sikuamini. Urefu wake haukufika sentimita moja. Nusu ya mbele ya mabawa yake magumu ilikuwa na mikunjo, imefifia. Nusu ya nyuma nyororo, inang'aa kama tumbo la sisimizi. Kati ya nusu hizo mbili, kila upande, kistari cheupe kama pembe ya ndovu, kimeinuka kidogo na kwenda mshazari. Kiuno hana hata kidogo, ni mnene moja kwa moja, ila kile kistari kinakata umbo lake vipande viwili, na jicho linajijazia kiuno lenyewe. Ukiongeza ile mbio yake ya kusitasita, umeshadanganyika.

Jina lake ni Euderces picipes. Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa Denmark, alimwandika tangu 1787. Yumo kwenye familia ya mbawakawa wa vipapasio virefu, yenye aina zaidi ya 30,000, ingawa vyake ni vifupi kulinganisha na vya ndugu zake, na nadhani hilo nalo linamsaidia kujificha. Utotoni hula mbao ndani ya matawi makavu. Akikomaa hutoka na kufuata maua. Hang'ati wala hana sindano. Ndege wengi hawapendi sisimizi kwa sababu ya asidi na meno yao, naye anaishi kwa jina baya la wenzake.

Mimi nimekulia Morogoro, kwenye miembe yenye majimoto, wale sisimizi wakali wanaouma. Ukiwaona unarudisha mkono kwanza, kuchunguza baadaye. Ndiyo maana ile picha niliifuta bila kuikuza.

Jioni, nikielekea kazini, nilimrudisha kwenye ua lake. Alikaa kidogo apate joto, akasugua miguu ya mbele, kisha akaingia katikati ya sisimizi watano au sita waliokuwa wakilamba asali. Nilitoa simu kumpiga picha ya mwisho. Ninayo hapa, na bado nabishana na Mama Neema ni yupi kati yao.