Ukuta nilioujenga ubaoni

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, na zamu yangu ilikuwa kueleza jawabu la mwanafizikia Karl Schwarzschild la 1916, alilolichota kwenye milinganyo ya Einstein ya mvutano akiwa askari vitani: linaeleza anga inavyokuwa kuzunguka shimo jeusi. Niliandika kwa mbwembwe hadi nikafika kwenye nusu kipenyo ambapo kitu kinagawanywa kwa sifuri. Nikachora duara, nikalikoleza chaki mpaka likanenepa. "Anga inakomea hapa," nikatangaza. "Huu ni ukuta."

Mwalimu wetu, mpole wa sauti na mkali wa maswali, hakunibishia. "Ukisimama kwenye Ncha ya Kaskazini, uko longitudo ya ngapi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Kwa hiyo dunia imepasuka pale?" Darasa likaangua kicheko. "Nenda kakokotoe mpindo wa anga wenyewe. Achana na namba za ramani."

Nilikesha. Ukurasa wa nne nikaangusha alama ya kutoa, nikaja kuligundua hilo ukurasa wa tisa (waliowahi kuipitia hesabu hii wanaijua hasira yake). Kukaribia alfajiri jibu likatoka, fupi ajabu: mraba wa tungamo, chini yake umbali kwa kipeo cha sita. Nikaingiza umbali wa ukuta wangu. Ikatoka namba ya kawaida kabisa. Hesabu inaharibika katikati tu, umbali ukiwa sifuri.

Kilichonifukuza usingizi ni kwamba shimo jeusi likiwa zito zaidi, mpindo kwenye upeo wake, yaani ule mpaka nilioudhani ukuta, unapungua. Jua likifinywa liwe shimo, upeo wake uko kilomita 3 kutoka katikati, na ungeraruliwa kabla hujaufikia. Lakini lile la galaksi ya M87, ambalo picha yake ilitolewa 2019, lina uzito wa majua bilioni 6.5. Pale upeoni, tofauti ya mvutano kati ya kichwa na miguu yako ni ndogo maelfu ya mara kuliko hapo ulipo sasa. Ungevuka huku ukipiga miayo. Kisha ungebakiwa na muda usiozidi siku moja na ushei, kwa sababu ndani mle katikati si mahali tena, ni kesho yako.

Asubuhi nilikuta duara langu halijafutwa. Nikalipangusa kwa kidole hapa na pale, likabaki vidoavidoa.

"Mstari bado upo," mwalimu akasema.

"Upo, Mwalimu. Ila anayeuvuka hauoni."

"Nani anauona?"

"Aliyebaki nje. Naye hamwoni mwenzake akivuka."

Akanipokonya chaki, akaendelea na kipindi.