Nilivyoufundisha mwili wangu kutomwogopa inspekta

Kwa miaka mingi nilifundisha vizuri, mradi mlango wa darasa umefungwa. Akiingia mtu mzima mwenye daftari mkononi, koo lilikauka, mkono ukatetemeka hadi chaki ikakwaruza ubao, na Kifaransa ninachokitumia kila siku kikanitoroka. Chanzo nakijua. Nilipokuwa mwalimu mpya huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, inspekta mmoja wa shule alinikatiza katikati ya somo la hesabu, akachukua fishi yangu ya maandalizi, akaisoma kwa sauti mbele ya watoto huku akiikosoa sentensi baada ya sentensi. Watoto walicheka. Tangu hapo, mlio tu wa viatu vya ngozi kwenye baraza ulitosha kunimaliza nguvu.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa darasa la jirani, mama aliyesomea saikolojia hapa hapa Bukavu. "Mama mwalimu, wewe si mwoga," aliniambia. "Siku ile mwili wako ulifundishwa somo moja, ukalishika. Sasa tuufundishe lingine." Akanieleza habari za Ivan Pavlov, yule mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, na mbwa wake waliozoea kusikia ishara kabla ya kupewa chakula, mpaka ishara peke yake ikawa inawatoa mate. Kwangu mimi ishara ilikuwa viatu na daftari, na kilichofuata kilikuwa aibu. Vikashikana.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Mary Cover Jones wa Marekani, kilichochapishwa mwaka 1924. Alikuwa na mtoto mdogo, Peter, aliyemwogopa sungura kupita kiasi. Mtoto alipewa chakula anachokipenda, na sungura akaletwa kwa mbali. Siku nyingine akasogezwa kidogo, kisha kidogo tena, hadi mtoto akawa anamshika mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa wadogo, kwa hiyo nilielewa mara moja: hakuna aliyemgombeza mtoto yule kwa kuogopa, wala kumhubiria ujasiri. Waliweka jema karibu na la kutisha, na wakaenda polepole.

Mbinu yenyewe niliyoitumia ilienezwa na Wamarekani wawili, Richard Bandler na John Grinder, katika miaka ya 1970. Wao huiita nanga. Unatafuta kumbukumbu ya saa uliyojiamini kweli, unaiishi upya, kisha unaifunga kwa mguso mmoja wa mwili. Wanasayansi wengi hawakubali madai makubwa ya mafundisho ya wawili hao, nami sitayatetea. Nilichukua kipande kinachofanana na kazi ya Pavlov na ya Mary Cover Jones, basi.

Kupata kumbukumbu kulinichukua muda kuliko nilivyodhani. Kwanza nilifikiria siku ya harusi yangu, lakini furaha ile haikuwa kujiamini. Mwenzangu akaniuliza, "Ni lini uliona kazi yako inakutii?" Hapo nikaikumbuka mvua. Wa Bukavu mnaijua mvua yetu ikianguka juu ya mabati: mwalimu anafungua mdomo, hakuna anayesikia neno. Siku hiyo nilikuwa nafundisha kugawanya. Badala ya kusubiri, nikamwaga maharagwe mezani, nikawaita watoto wazunguke, nikaanza kugawa kwa ishara za mikono, bila sauti. Msichana mmoja ambaye hajawahi kuinua kidole tangu mwaka uanze alinitazama, akaenda ubaoni mwenyewe, akaandika jibu. Lilikuwa sahihi. Wenzake wakapiga madawati kwa viganja, mvua juu, madawati chini, na harufu ya sweta zilizolowa ikiwa imejaa darasani. Nilisimama pale nikijua kabisa kwamba naijua kazi yangu.

Mguso nao una masharti yake. Nilitaka kutumia chaki, kwa kuwa huwa mkononi muda wote, lakini chaki ilikuwa imeshazoeana na woga. Nikachagua kubana fundo la kidole cha kati cha mkono wa kushoto kwa kidole gumba, jambo nisilolifanya kwa sababu nyingine yoyote. Kila jioni, kabla ya kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, nilikaa, nikafumba macho, nikairudisha ile mvua, maharagwe, harufu, uso wa mtoto. Hisia ikianza kupanda kifuani, ndipo nilipobana; kabla haijashuka, nikaachia. Wakati ni muhimu sana. Ukibana hisia ikiwa imeshapoa, unafunga mguso wako kwenye uchovu.

Kisha tukaanza kumsogeza sungura. Nilifundisha mbele ya madawati matupu huku nikibana kidole. Halafu mwenzangu akakaa nyuma, mikono mitupu. Baadaye akaja na daftari, akawa anaandika. Siku ya daftari koo lilikauka tena, tukarudi hatua moja nyuma bila kulaumiana. Mwishowe tulimwomba mkurugenzi wa shule aingie bila kubisha, akiwa na viatu vyake vya kazi, na akakubali. Kwa maoni yangu hatua hizi ndizo zilizobeba mzigo mkubwa. Kidole kilinipa pa kushika nikizipanda.

Inspekta alipokuja, si yule wa zamani, moyo ulienda mbio. Nikabana. Mkono ulitulia kiasi cha kuandika, na nilipoanza sentensi ya kwanza, ya pili ilikuja yenyewe. Aliuliza maswali juu ya fishi, nikamjibu nikimtazama.

Ishara isipolishwa hufifia, Pavlov aliliona hilo pia kwa mbwa wake. Kwa hiyo siitumii nanga kwa hofu tu. Somo likienda vizuri sana, nabana palepale, niiongezee nguvu.

Neno moja kwa wenzangu wa huku mashariki: niliyokuwa nayo ilikuwa aibu ya darasani. Aliyebeba kumbukumbu za vita au za kutendewa unyama asijifungie peke yake kuzifumbia macho na kuzirudisha. Huo ni mzigo wa kubebwa na mtu aliyefunzwa, na hapa Bukavu wapo, kwa mfano katika hospitali ya Panzi ya Daktari Mukwege, ambako manusura wa ukatili hutibiwa mwili na pia husaidiwa kisaikolojia.

Sasa kuna mwalimu kijana amepangwa darasa la tatu, naye anatoka jasho akiona mgeni. Kumbukumbu aliyoichagua ni ya penalti aliyoidaka akiwa kipa wa timu ya mtaa, na mguso wake ni kukunja ngumi ya kulia. Alhamisi, watoto wakishatoka, atafundisha madawati matupu, nami nitakuwa nje ya mlango.